Baiskeli, barafu na pointi mbili za wizi

Najua nimepotea. Wapo walioniuliza kama baridi imenigandisha vidole nikashindwa kuandika. Vidole vipo vyote kumi, nimevihesabu asubuhi hii. Kilichonikamata ni msuli, mazoezi ya kufundisha, na jambo moja nililokuwa naona aibu kuliandika. Leo naliandika. Wekeni chai karibu, maana ni refu kidogo.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Shinyanga, nasoma ualimu shahada ya kwanza hapa Chuo Kikuu cha Oulu, kaskazini mwa Ufini. Mji wenyewe uko ukingoni mwa Ghuba ya Bothnia. Mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi, na saa nane mchana ikipita kidogo tu limeshazama. Ndiyo, umesoma vizuri. Ukiwa na kipindi kirefu katikati, jua la siku hiyo utalisikia kwenye bomba.

Sasa huku, kwenye giza hilo na theluji hiyo, watu wanapanda baiskeli. Si wendawazimu wawili watatu. Ni bibi wa miaka sabini na kikapu chake cha sokoni, baba na mtoto kwenye kiti cha nyuma, profesa na begi lake. Mji una zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli na waenda kwa miguu, na zile kuu trekta linazipitia alfajiri kabla watu hawajaenda kazini. Hawamwagi chumvi. Wanaisukuma theluji, inayobaki wanaishindilia mpaka inakuwa ngumu kama sakafu, halafu wanatupia vikokoto. Ndiyo maana mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa dunia wa mambo ya baiskeli za msimu wa baridi ulifanyikia hapa hapa Oulu. Na mwaka 2018 ilizunguka picha ya shule ya Metsokangas, ya hapa hapa mjini: siku ya nyuzi 17 chini ya sifuri, wanafunzi kama 1,000 kati ya 1,200 walikuja shule kwa baiskeli. Watoto!

Nilipompigia mama kumwambia nimenunua baiskeli, kulikuwa na kimya cha sekunde kadhaa. "Mwanangu, umeenda Ulaya kupanda baiskeli? Si ungebaki hapa hapa Shinyanga?" Nikacheka mpaka basi. Ana haki. Kwetu baiskeli ndiyo teksi, ndiyo lori la mkaa, ndiyo gari la wagonjwa. Mimi nimekulia kwenye keria ya baba, nimeshikilia kiuno chake, miguu nimeitanua isiingie kwenye spoku. Kwa mama, mtoto akifika Ulaya anatakiwa ashuke kwenye baiskeli, si apande nyingine.

Basi bwana, mashindano yalianzia jikoni.

Tunaishi wanne kwenye nyumba moja ya wanafunzi karibu na kampasi ya Linnanmaa, kila mtu na chumba chake, jiko la wote. Kuna Mfini mmoja mrefu kama mnazi anayesoma uhandisi, kuna dada wa Nepal anayesoma ualimu kama mimi, na kuna Mkenya wa Kisumu anayesoma mambo ya kompyuta. Mwisho wa Novemba tulikuwa tunakula, Mfini akauliza kwa upole kama baiskeli zetu tutaziweka stoo mpaka Aprili, kama wageni wengi wanavyofanya. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi mdomo wangu mnaujua. Nikasema, "Kaka, mimi ni wa Shinyanga. Kwetu mtu anabeba magunia mawili na mke juu yake. Baridi itanifanya nini?"

Mkenya akapiga meza. "Sawa, basi tushindane."

Kanuni tukaziandika kwenye karatasi, tukaibandika kwenye friji. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Kila siku ya masomo au kazi ukienda na kurudi kwa baiskeli, pointi moja. Siku ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, pointi mbili. Ukipanda basi, sifuri. Kila mtu anajiandikia mwenyewe, hakuna shahidi, hakuna kutuma picha. Wa mwisho anawapikia wote. Wa kwanza anachagua chakula. Basi. Hakuna kikombe wala nini, ni utani wa majirani tu.

Desemba nilijifunza mambo ambayo keria ya baba haikunifundisha.

La kwanza, mavazi. Siku ya kwanza nilivaa kila kitu nilichonacho, nikafika chuo nimelowa jasho kama nimetoka kulima. Jasho lile likapoa darasani, nikatetemeka mpaka saa sita. Mfini akaniambia: ukitoka mlangoni lazima usikie baridi kidogo dakika tano za kwanza, vinginevyo umevaa sana. Na vidoleni vaa zile glovu zisizotenganisha vidole, viote moto pamoja kama watoto kwenye mkeka mmoja.

La pili, baiskeli yenyewe. Kufuli linaganda. Waya wa breki ukiingia maji unaganda. Ukiiingiza baiskeli ndani kwenye joto, theluji inayeyuka, ukiitoa nje yale maji yanaganda kwenye cheni na gia, unabaki na gia moja kama Phoenix ya babu. Kwa hiyo inalala nje, kwenye baridi yake iliyoizoea. Bahati yangu niliinunua kuukuu, ya breki ya kukanyaga kinyumenyume, haina waya wa kuganda huko nyuma.

La tatu, tairi. Zipo tairi zenye vimisumari vya chuma vinavyouma barafu, tik tik tik tik, unasikia mtu anakuja kabla hujamwona. Zinatengenezwa na Wafini wenyewe, na hapa nina kahadithi. Mnaikumbuka Nokia ya tochi? Nokia ilianza mwaka 1865 na kiwanda cha massa ya karatasi, na mwaka 1967 ikaungana na kiwanda cha mipira na kiwanda cha nyaya. Kwa hiyo kabla ya kuwauzia babu zetu simu, jina hilo lilikuwa kwenye viatu vya mvua na kwenye tairi. Nilipolijua hili nikamwandikia mdogo wangu hapo hapo, akanijibu: "Kumbe ndiyo maana ile simu ilikuwa haipasuki." Kwi kwi kwi!

Lakini tairi za misumari bei yake si mchezo. Nikasema nitanunua ya mbele peke yake, ya nyuma nitaangalia mwezi ujao. Kumbukeni hapo.

Mpaka Krismasi nilikuwa wa pili. Dada wa Nepal alikuwa wa kwanza, kimya kimya, hajisifu, hasemi kitu, anaamka tu na kuondoka. Mimi nilikuwa natuma picha za kope zangu zenye barafu kwenye grupu la familia, mama anajibu na zile alama za mtu analia.

Januari nikaanza mazoezi ya kufundisha. Wenzangu mnaosoma ualimu nyumbani, ni kama BTP, tofauti ni kwamba hapa mwalimu wa darasa anakaa nyuma anakuangalia kila dakika, na mkimaliza mnakaa kahawani anakuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe mwenyewe umeonaje?" Swali hilo ni baya kuliko kufokewa. Shule iko kusini mwa mto, kama kilomita sita kutoka kwangu: unapita Tuira, unavuka madaraja ya mto Oulujoki ambako upepo unakutafuta mpaka kwenye kifungo cha shati, halafu unaingia kwenye miti.

Nilipewa darasa la nne, watoto wa miaka kumi, wanaosoma baadhi ya masomo kwa Kiingereza. Huku watoto hawasemi "shikamoo mwalimu". Wanakuita kwa jina lako, au "ope", kifupi cha neno lao la mwalimu. Wiki ya kwanza nilikuwa nageuka nyuma kuangalia wanamwita nani.

Siku ya pili kimoja kikaniona nafunga baiskeli. Habari ikasambaa. Ope kutoka Afrika anapanda baiskeli kwenye theluji! Nikawaeleza mashindano yetu ya jikoni. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo, hapotezi nafasi, akasema: hesabu za wiki hii ni grafu, basi tumieni grafu yake. Tukachora karatasi kubwa ukutani, kila siku mhimili mmoja: urefu ni pointi zangu, chini tunaandika joto la asubuhi. Kila siku mtoto mmoja anauliza, "Ope, ulikujaje leo?" Najibu, anapaka rangi. Wakaanza kuniuliza maswali mazuri ambayo sikuyapanga. Je, siku za baridi zaidi ndizo unazopata pointi zaidi? Ukiumwa tuweke nini, sifuri au nafasi tupu? Nilikuwa narudi nyumbani najiona mwalimu kweli kweli.

Halafu ikaja ile Jumatatu.

Watu wengi nyumbani wanadhani hatari ni baridi kali. Hapana. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri theluji ni kavu, inashika kama mchanga. Hatari ni sifuri yenyewe. Hali ya hewa ilipanda ghafla usiku, mvua nyepesi ikanyesha juu ya barafu, asubuhi njia nzima inang'aa kama sahani iliyooshwa. Nilikuwa nateremka kuingia kwenye njia inayopita chini ya barabara kubwa. Tairi ya mbele ina misumari, ya nyuma haina. Ya nyuma ikaamua kwenda zake. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko chini, nyonga inawaka moto, baiskeli iko mbele yangu inateleza yenyewe polepole kama inaniaga.

Bibi mmoja alisimama, akaniuliza kitu kwa Kifini, nikasema "hyvä, hyvä" yaani nzuri, nzuri. Sikuvunjika. Nilichubuka, nyonga ikavimba, basi. Nikaisukuma baiskeli mpaka shule, nikafundisha, jioni nikarudi nayo kwa miguu sehemu kubwa. Pointi moja nikajiandikia, maana ilibishaniwa jikoni na kura zikapita: kuanguka nayo ni kwenda nayo.

Jumanne nikaenda, lakini mikono imekaza usukani kama naning'inia juu ya mti. Kila mteremko nashuka natembea.

Jumatano niliamka, nikatazama simu: nyuzi 23 chini ya sifuri. Siku ya pointi mbili. Theluji kavu, njia salama kuliko Jumatatu mara kumi, na mimi nalijua hilo, nimewafundisha watoto hilo hilo. Nikavaa, nikatoka, nikaishika baiskeli. Nikaiacha. Nikaenda kituo cha basi.

Sikuwa mgonjwa. Niliogopa, basi. Ni neno dogo lakini liliniwia gumu, kwa sababu ya yale magunia mawili niliyoyapakia mdomoni mwezi wa kumi na moja.

Darasani nimefika, hata koti sijatundika, mtoto wa zamu kashika kalamu ya rangi. "Ope, ulikujaje leo?"

Nikasema, "Kwa baiskeli."

Watoto wakashangilia. Nyuzi 23! Mhimili wa pointi mbili! Kimsichana kimoja cha mbele, kimya siku zote, kikanitazama na kusema taratibu, bila ubaya wowote, "Lakini nilikuona kwenye basi."

Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikajibu, "Labda ulinifananisha."

Wadau. Shule ile nzima, kuanzia wapishi mpaka mwalimu mkuu, mtu mweusi ni mimi peke yangu. Nimefananishwa na nani?

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniua. Angebisha ningejitetea, ningetafuta utani. Aliangalia chini, akachukua kalamu ya kijani kutoka kwa mwenzake, akasaidia kupaka ule mhimili mrefu mpaka juu. Alipaka vizuri, hakutoka nje ya mstari. Mwalimu wa darasa alikuwa nyuma, anaandika kitu kwenye daftari lake. Hakuinua kichwa.

Jioni nikarudi na basi, nikapita jikoni, nikaandika 2 kwenye karatasi ya friji. Mkenya akasema, "Mzee, wewe ni chuma." Nikasema asante. Pale ndipo nilipoelewa kwamba uongo wa asubuhi ulikuwa wa kushtukizwa, huu wa jioni nimeukalia chini na kuuandika kwa kalamu.

Usingizi haukuja. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Yule mtoto ameniona kwa macho yake, kwenye basi, hatua tatu kutoka kwake. Halafu mwalimu akamwambia hajaona. Sasa anafanya nini na macho yake? Kesho nikimwambia saba mara nane ni 56, aniamini mimi au ahesabu mwenyewe? Kuna mwalimu wangu shule ya msingi alitupiga darasa zima kwa chaki ambayo, ilikuja kujulikana baadaye, aliipoteza yeye. Hakuwahi kusema neno. Nimesahau karibu kila alichonifundisha, ila chaki ile nakumbuka mpaka rangi yake. Nikajiona na mimi nimemwachia mtu chaki yake.

Alhamisi nilienda kwa baiskeli. Sitaki kuipamba, sikuwa jasiri, ila nilitaka kufika mapema na basi lingenichelewesha. Kabla watoto hawajaingia nikamweleza mwalimu wa darasa. Akasikiliza, akauliza lile swali lake, "Wewe mwenyewe umeonaje?" Nikasema nataka kurekebisha grafu mbele yao. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa nyuma.

Nikasimama mbele. Nikasema jana sikuja kwa baiskeli, nilipanda basi kwa sababu Jumatatu nilianguka na nikaogopa. Halafu nikasema uongo. Nikamgeukia yule kimsichana, nikamwambia, "Wewe uliona sawa. Mimi ndiye niliyekosea kukuambia hukuona. Samahani."

Kimya. Mvulana mmoja akauliza ulianguka wapi, nikamweleza, akasema na yeye kaanguka pale pale Jumatatu. Mwingine akasema baba yake jana alienda kazini na gari kwa sababu ya baridi na hakumwambia mtu. Yule kimsichana alikuwa anafikiria. Mwisho akauliza, "Sasa tunafutaje? Rangi haifutiki." Wakajadiliana dakika kumi. Wakaamua kubandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya mhimili, na kuandika sifuri. Kwenye mwanga ule ukijani bado unaonekana kwa chini. Nikasema tuuache hivyo hivyo.

Kwenye friji nikakata ile 2, nikaweka 0, nikawaeleza wenzangu. Mkenya alicheka sana, akanitania wiki nzima, kila nikitoka bafuni ananiuliza, "Umekuja na basi?" Mfini hakucheka. Kesho yake nikakuta mlangoni kwangu tairi ya misumari iliyotumika, imetoka kwenye baiskeli yake ya zamani. Haikuwa na maelezo. Tukaifunga ya nyuma usiku ule ule, yeye ameshika taa, mimi nimeshika bisibisi.

Ijumaa ya pili ya Februari ni siku ya kimataifa ya kwenda kazini kwa baiskeli msimu wa baridi. Tulitoka wanne pamoja saa moja na nusu asubuhi, giza, taa nne nyekundu zimefuatana kwenye daraja. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mteremko wa Jumatatu ile niliushuka nimekaa kwenye baiskeli, polepole, moyo uko kooni. Tik tik tik tik. Nikafika chini.

Matokeo: dada wa Nepal 54, Mfini 51, Mkenya 45, mimi 44. Ndiyo, mmeshapiga hesabu. Zile mbili zingenipeleka 46 na Mkenya ndiye angepika. Ananikumbusha hilo kila siku, na mimi namkumbusha kwamba anakula pilau langu bure.

Maana ndiyo, dada wa Nepal alichagua pilau. Jumamosi iliyopita nilipika sufuria zima, na kachumbari ya nyanya za bei mbaya. Mama alikuwa kwenye simu, simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi, ananielekeza vitunguu viive mpaka rangi gani. Nilimsimulia yote, kuanguka, basi, mtoto, karatasi nyeupe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Koroga, vinaungua." Baadaye, tukiwa tunaagana, akaongeza, "Na hiyo tairi ya watu uirudishe."

Mazoezi yamebaki wiki mbili. Grafu bado iko ukutani. Jana yule kimsichana alikuwa wa kwanza kufika, tukafunga baiskeli zetu pamoja, hakusema kitu, akaitazama tairi yangu ya nyuma, akainama, akahesabu misumari iliyong'oka. Saba. Nikaihesabu na mimi. Ni saba kweli.

Haya wadau, niacheni niende nikapange somo la kesho. Mlioko BTP niandikieni, nataka kujua na ninyi mmeshikwa na nini huko. Tupo pamoja.